Kokuhirwa na Mume Aliyelala

Byarugaba alipatwa na usingizi akiwa juu ya mti. Alikuwa amepanda kurina asali kwenye mmoja wa mizinga yake, porini upande wa mto Kagera, huku mwenge wa majani makavu ukifuka moshi mkononi. Wenzake wawili waliokuwa chini walimwona akiinamisha kichwa juu ya mzinga kana kwamba anasikiliza kitu kilichomo ndani. Wakamwita. Hakuitika. Mwenge ukamponyoka, kisha naye akaufuata. Matawi yalimpunguza kasi, akaangukia kichakani, na nyuki wakamshukia. Walipomvuta kutoka pale alikuwa amevimba uso mzima, na bado alikuwa anakoroma.

Hicho kilikuwa kiangazi cha mwaka 1936. Walimleta nyumbani Kaisho, wakamkabidhi kwa mkewe, Kokuhirwa, wakasema amechoka. Kokuhirwa alimchomoa miiba ya nyuki mmoja mmoja kwa kucha, akampaka mafuta ya samli, akaamini ni uchovu.

Kokuhirwa hakuwa mwenyeji wa Kaisho. Alizaliwa Kituntu, akaolewa akiwa msichana wa miaka kumi na saba au kumi na minane. Alikuwa mrefu, si msemaji, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kwa sababu meno yake ya juu yalitokeza. Alizaa mara tatu. Wavulana wawili walizikwa kabla hawajajua kutembea. Aliyebaki ni binti, Deodatha, ambaye mwaka huo alikuwa na miaka mitano. Kibanja chao, shamba lililoizunguka nyumba, kilikuwa kizuri, migomba imetandikwa nyasi vizuri na mibuni michache katikati yake. Lakini Byarugaba hakujulikana kwa migomba. Alijulikana kwa asali. Alikuwa mtu asiyeweza kupita chini ya mti bila kuinua macho, hata akiwa amebeba mzigo, hata akiwa anafuata maiti kwenda kuzika.

Baada ya kuanguka, alianza kulalamika kichwa. Vivimbe vikamtoka shingoni kwa nyuma, vidogo kama mbegu za maharage. Halafu tabia ikageuka. Mtu mpole yule alimrushia mbuzi kigoda akamvunja mguu. Kwenye harusi ya jirani alilia kwa sauti, na alipoulizwa analilia nini alisema hajui. Akawa anasinzia akiwa na chakula mdomoni, shavu limejaa ndizi, macho yamefumba, na Deodatha anamtazama akidhani baba anacheza.

Walimpeleka kwa mganga, akachanjwa chale, akaambiwa kuna mtu anaonea wivu mizinga yake. Walibadilisha mganga. Ilipofika Krismasi, Byarugaba alikuwa anaamka mara moja kwa siku. Ilipofika Kwaresima hakuamka tena.

Kokuhirwa alijifunza kumlisha. Alipika uji mwepesi wa ulezi, akauchanganya na maziwa alipoyapata, akamwegemeza kifuani kwake, akamimina kidogo kutoka kwenye kibuyu na kumpapasa koo kwa kidole mpaka ameze. Kibuyu kimoja kilichukua muda kama wa kwenda kisimani na kurudi. Alifanya hivyo mara tatu kwa siku. Katikati alilima, alipalilia, alikata majani ya mgomba, alimgeuza mumewe ubavu wa pili ili asioze.

Mwanzoni watu walikuja kumjulia hali. Waliinama mlangoni, wakaingia, wakamsalimu yeye aliyelala kwanza, kisha mkewe. Baada ya mwezi wakawa wanamsalimu mkewe tu. Jirani na rafiki yake, Renatha, ndiye aliyeteleza wa kwanza. Walikuwa wanachambua maharage uani, Renatha akasema, "Byarugaba alikuwa anapenda sana maharage mabichi."

Kokuhirwa akaweka ungo chini. "Anapenda," alisema.

"Nisamehe. Anapenda."

Lakini tangu siku hiyo Kokuhirwa alianza kulisikia kila mahali. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa fundi. Alikuwa na sauti nzuri. Watu walimzungumzia mumewe kwa namna hiyo mbele ya mlango wake, na mwenyewe yuko ndani anakoroma.

Mwalimu wa dini wa pale kijijini alikuwa Apolinary, mtu wa Muleba aliyetumwa na misheni. Kokuhirwa alikuwa amebatizwa, mumewe hakuwa. Alimwomba Apolinary ambatize kabla hajafa. Apolinary alipiga magoti kando ya kitanda, akamwuliza mgonjwa kwa sauti ya juu kama anataka ubatizo. Akasubiri. Akauliza tena.

"Lazima aitikie," alisema, akimgeukia Kokuhirwa kwa unyonge. "Mtu mzima hubatizwa kwa ridhaa yake."

"Anataka, Mwalimu."

"Umejuaje?"

"Mimi ni mke wake."

Apolinary akachukua maji. Alimpa jina la Placidius.

Mwezi wa tano ukoo ukakaa. Walikuja adhuhuri, wanaume sita na mashangazi wawili, wakaketi uani kwenye majani ya migomba. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Kashaija, kaka mkubwa wa Byarugaba. Kashaija hakuwa mtu mbaya. Msimu wote ule alikuwa akipogoa mibuni ya mdogo wake bila kuombwa, na hakuchukua hata punje moja ya buni.

"Shemeji," alisema, "hakuna anayekuchukia hapa. Tumeona kazi yako. Lakini tuulizane kama watu wazima: huyu tunayemtunza ni nani? Mtu hai ana haja ya kitu. Hata mtoto mchanga anataka titi. Ndugu yangu hataki kitu."

"Anameza," alisema Kokuhirwa.

"Wewe ndiye unayemmezesha."

Shangazi mmoja akasema chawa hawajauhama mwili wake, na chawa hawadanganyiki. Mwili ukipoa tu wanaondoka. Mzee mmoja akasema hilo si neno, chawa wapo hata kwenye shuka. Kwake yeye, mtu hai ni yule unayeweza kugombana naye. "Nimemtukana Byarugaba pale kitandani," alisema mzee, "nimemtukana na mama yake, Mungu anisamehe, mama yake ni dada yangu. Hakujibu. Byarugaba ninayemjua angenirukia."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaona aibu.

"Tunachosema ni hiki," Kashaija aliendelea. "Umemshika miguu. Anataka kwenda, wewe unamshika kwa uji. Mwache. Usimlishe tena, aende zake, tumlie, na wewe upumzike. Ungali kijana."

Kokuhirwa aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amepiga magoti kama inavyompasa mwanamke mbele ya wakwe, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sawa. Basi mmoja wenu aingie akakiondoe kibuyu mdomoni mwake. Nitampisha. Mimi mwenyewe siwezi."

Hakuna aliyeinuka. Baada ya muda walitafuna punje za kahawa alizowapa, wakaaga, wakaondoka.

Wiki mbili baadaye alipita dresa, yaani msaidizi wa daktari wa serikali, akikagua vijiji vya karibu na pori. Jina lake Gaudiosus, kijana wa Bukoba aliyevaa kaptula ya kaki na viatu vilivyochakaa. Watu walipangwa mstari mbele ya nyumba ya mkungu, mkuu wa kijiji, naye akawapapasa shingo. Kokuhirwa hakupanga mstari. Alimngoja njiani, akamshika mkono, akampeleka nyumbani.

Gaudiosus alivipapasa vile vivimbe, akafunua kope za mgonjwa, akamshika kifundo cha mkono na kutulia.

"Ni malale," alisema. "Ameumwa na mbung'o huko porini."

"Yu hai?"

Gaudiosus alimshangaa. "Yu hai, mama. Moyo unapiga."

Kwa miezi mitatu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelitamka neno hilo juu ya mumewe. Kokuhirwa aliketi palepale sakafuni kwenye nyasi, akaanza kucheka huku amefunika meno, na Deodatha akaja kumshika bega akidhani mama naye sasa anaugua.

Kulikuwa na kambi ya malale upande wa kusini, safari ya siku nne. Kokuhirwa alimwacha Deodatha kwa Renatha, akatafuta vijana watatu wa kubeba machela. Wa nne alikosekana. Asubuhi ya kuondoka, Kashaija alifika na kitambaa cha kuweka begani, akashika mti wa mbele bila kusema neno.

Siku ya pili walipumzika kwenye kijito. Mate yalikuwa yakimtiririka Byarugaba mdomoni, na inzi wakimfuata. Kashaija alivua shati lake akamfuta.

"Sikutaka afe," alisema, akiwa amempa Kokuhirwa mgongo. "Nilitaka iishe."

"Najua, shemeji."

Kambi ilikuwa vibanda vya nyasi vilivyopangwa safu kwenye uwanja mkubwa. Miti yote ya karibu ilikuwa imekatwa ili mbung'o wasipate kivuli. Mahali pale palikuwa peupe kama kiganja. Wagonjwa walikaa juani wameduwaa, wengine wamefungwa kamba kwenye nguzo kwa sababu walikimbia ovyo. Kashaija na vijana walirudi Kaisho, na Kokuhirwa akapewa kibanda na kipande cha ardhi cha kulima viazi. Byarugaba akaanza kuchomwa sindano, moja kila wiki.

Wiki ya tatu alitafuna. Wiki ya tano, asubuhi, Kokuhirwa alikuwa amempakata akimlisha, akaona macho yamefunguka na yanamtazama. Hayakuwa yale macho ya kioo ya miezi yote ile. Yalikuwa na mtu ndani yake.

"Wewe," Byarugaba alisema, ulimi mzito. "Umekonda."

Kokuhirwa aliliangusha bakuli. Alitoka nje akaukimbia uwanja wote mpaka kwenye viazi, akarudi, akaogopa kuingia asije akakuta amelala tena. Hakuwa amelala. Alikuwa anauliza kuna nini, kwa nini hapa hakuna miti.

Kwa siku kumi na moja Byarugaba alimwona mkewe. Alimwuliza habari za mtoto, habari za mizinga, nani amerina. Bado alichanganya mambo. Siku nyingine alimwita Kokuhirwa kwa jina la mama yake, na usingizi ulimrudia mchana kwa vipindi. Siku ya kumi na mbili alisema kuna moshi kibandani. Hapakuwa na moto.

Gaudiosus, ambaye sasa alikuwa akihudumu hapo kambini, alimwita Kokuhirwa kando ya kibanda cha dawa. Alikuwa amevua kofia.

"Mama, dawa hii inawafikia wengine machoni. Si wote. Mumeo imemfikia. Daktari anasema tukiacha sasa, huenda macho yatabaki kama yalivyo, lakini malale itarudi, na ikirudi haitamwacha. Tukiendelea atapona malale. Macho yatakwenda."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Mwulize mwenyewe."

"Jana aliniambia mimi ni mdogo wake. Nitamwulizaje? Daktari anataka neno la ndugu, na ndugu aliye hapa ni wewe."

"Nipe siku mbili."

"Sindano ni leo, mama."

Kokuhirwa alikwenda kusimama kwenye viazi vyake. Alikaa pale mpaka jua likawa utosini. Aliporudi alisema, "Mchome," na Gaudiosus akaingia ndani kuchemsha sindano.

Walirudi Kaisho mwisho wa mwaka 1937, Byarugaba akitembea kwa miguu yake, ameshika ncha ya fimbo na Kokuhirwa ameshika ncha nyingine. Wanawake walipiga vigelegele tangu kwenye kilima. Kashaija alichinja mbuzi. Wiki ile na zilizofuata watu walitoka hata vijiji vya mbali kumshika mkono mtu aliyekufa akarudi. Walimwuliza ameona nini huko. Yeye alikaa kigodani ameinua uso juu, kwa mazoea yake ya zamani, na hakukuwa na anachokiona.

Apolinary naye alikuja. "Placidius, ndugu yangu! Tumshukuru Mungu."

"Placidius ni nani?"

"Ni wewe. Nilikubatiza ukiwa mgonjwa."

"Nilikubali lini?"

Apolinary alicheka kwa wasiwasi. "Mkeo alikujibia."

Byarugaba aligeuza uso. Mchana kutwa hakusema tena, na hata mgeni alipoondoka hakumuaga.

Alijaribu kufanya kazi. Alichonga mzinga kwa kupapasa, akajikata kidole gumba, akaumaliza. Ulikuwa mzinga mzuri. Lakini hakuna aliyeweza kumpandisha nao mtini, na mizinga yake ya zamani ilikuwa imeoza au imechukuliwa. Wakautundika kwenye mti wa ua. Nyuki hawakuingia. Mwaka uliofuata aliondoka peke yake na fimbo kuelekea porini, wakamtafuta siku mbili, wakamkuta ameketi chini ya mti na miguu imechanika. Aliwaambia wamwache hapo. Walimrudisha.

Siku moja Kashaija, ambaye Kokuhirwa alikuwa amemsimulia mambo ya kambini, akiwa amekunywa rubisi, pombe ya ndizi, alimwambia mdogo wake kwa nia njema kabisa kwamba ana bahati ya mke. Mwanamke mwingine asingekuwa na moyo wa kuchagua kama yeye alivyochagua kule kambini. Ndivyo Byarugaba alivyojua.

Kesho yake asubuhi Kokuhirwa alikuwa anamenya ndizi mlangoni.

"Mama Deodatha."

"Abee."

"Walikuuliza kuhusu macho yangu?"

Kisu kilisimama. "Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema uishi."

"Na mimi, mlinificha."

"Hukuwa na akili ya kuulizwa. Uliniita mama."

Byarugaba hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomwogopesha Kokuhirwa.

"Nilipokuwa nimelala," alisema, "sikuwa na giza. Sikuwa na kitu. Sasa ninalo giza, ninalo tangu alfajiri mpaka alfajiri."

"Unakula. Unaongea. Unashika mkono wa mtoto wako. Huko si kuishi?"

"Huko ni kubaki, mama Deodatha. Nimebaki tu."

Kokuhirwa aliendelea kumenya ndizi kwa sababu ndizi zilikuwa hazijaisha.

Wakaishi hivyo, ikaja miaka ya vita, ikapita. Byarugaba hakumpiga wala hakumtukana. Alimjibu alipoulizwa. Alikula alichopewa. Kwa nje ilikuwa nyumba ya amani. Deodatha alikua akiiogopa amani hiyo. Alipofikisha miaka kumi na minne alimfuata kijana mmoja aliyekwenda kutafuta kazi Buganda, akaolewa huko. Kokuhirwa hakumzuia. Alimfungia ndizi zilizokaushwa, akamsindikiza mpaka njia panda.

Mwaka 1946, majira ya mvua za vuli, Byarugaba aliacha kula. Hakutangaza. Kokuhirwa aliweka sahani, akaikuta vilevile. Siku ya tatu alichukua uji na kibuyu, akamwegemeza kifuani kama zamani. Byarugaba alifunga meno. Kokuhirwa alimpapasa koo kwa kidole, uji ukamwagika kidevuni, na mumewe akamshika mkono polepole akauondoa.

"Safari hii niulize," alisema.

Kokuhirwa hakumwuliza. Alijua jibu, na hakutaka kulisikia. Aliweka kibuyu chini.

Habari zikaenea, na watu wale wale waliokaa uani kumshauri asimlishe wakaja kumlaumu. Yule mzee wa matusi alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Wewe uliyembeba siku nne, leo unamwangalia akifa kwa njaa?" Apolinary alisema ni dhambi, na kwamba itakuwa dhambi ya wawili. Kashaija alikuja na asali ya kuombaomba, akaketi kitandani, mwanaume mzima mwenye mvi, akalia.

"Onja tu, ndugu yangu. Kidole kimoja."

"Kaa hapa," Byarugaba alimwambia. "Niambie nyuki wametulia wapi mwaka huu."

Kashaija hakuwa na habari za nyuki. Upande ule wa pori ulikuwa umeshafyekwa. Lakini alikaa, akaanza kueleza: kwenye ule mti mkubwa wa bondeni, na juu ya jiwe, na ng'ambo ya kijito, makundi kwa makundi. Alieleza mpaka jioni. Byarugaba alikuwa akimsahihisha majina ya miti.

Alikufa siku ya kumi na mbili. Walimfunga kwenye vazi la magome ya mti kama baba zake walivyofungwa, wakamzika kibanjani, na Apolinary, baada ya kusitasita, akaweka msalaba. Uliandikwa Placidius. Wengi waliopita pale miaka ya baadaye hawakujua ni kaburi la nani.

Kashaija alirithi kibanja. Kwa mila angeweza kumrithi na mjane pia, akamwuliza kwa heshima. Kokuhirwa alikataa, naye hakumlazimisha. Alimwachia jiko na mashina manane ya migomba nyuma yake. Kwa Renatha alisema jambo moja tu kuhusu mumewe, nalo alilisema mara nyingi: "Nilisema ndiyo, nikakosea. Nilinyamaza, nikakosea. Sijui wenzangu wanafanyaje."

Mwaka 1949 alikwenda kwa Deodatha, upande wa Masaka, akakaa miezi miwili. Wajukuu walikuwa wakizungumza Kiganda na kumtazama midomo. Deodatha alimtunza vizuri, alimnunulia gauni. Siku alipoaga, binti yake hakumwomba abaki. Alirudi Kaisho akiwa amelivaa gauni lile, na alilivaa kulimia mpaka likachanika.

Apolinary, alipozeeka, alipenda kumtumia kama mfano. Pasaka moja alimwita mbele ya watu waliokuwa wanajifunza ubatizo, zaidi ya thelathini, akawaambia: huyu mama alimpigania mtu ambaye kijiji kizima kilisema amekufa. Atuambie yeye uhai ni kitu gani. Kokuhirwa alisimama, mikono nyuma.

"Alifungua macho akasema nimekonda," alisema.

Watu wakasubiri. Apolinary akamwashiria kwa kichwa aendelee. Kokuhirwa alifikiri, akaona hakuna kingine, akarudi kuketi.

Kashaija alifariki. Wanawe walitaka kahawa, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri miaka ile, wakang'oa migomba ya zamani na kupanda mibuni kwa mistari. Waliruka kaburi misimu miwili. Msimu wa tatu waliweka mche hapo, kwa bahati mbaya, walisema, na msalaba ulikuwa umeshaliwa na mchwa. Kokuhirwa alikwenda kuuangalia ule mche. Hakuung'oa. Mashina yake manane yalibaki sita, kisha manne, na alikuwa akiwapalilia watu wengine kwa chakula cha siku.

Mwaka 1957 kifua kilimkaba. Renatha alimchukua kwake, akamlaza kwenye chumba cha kuwekea maharage, na asubuhi moja akamwambia vijana wako tayari, watambeba mpaka hospitali ya misheni.

"Nikafanye nini?" Kokuhirwa aliuliza.

"Upone."

"Nikishapona?"

Renatha alisimulia baadaye kwamba alifungua mdomo kumjibu. Alifikiria kuku, alifikiria misa ya Jumapili, mavuno, Deodatha, wao wawili kukaa uani wakichambua maharage. Kila alilolifikisha kwenye ulimi aliliona halitoshi, akalirudisha. Nje mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na alikuwa ameanika maharage, basi akatoka kwenda kuyaanua. Alipoingia tena na ungo, mwenzake alikuwa amegeukia ukuta.

Alikufa Ijumaa ya wiki hiyo. Deodatha alifika siku kumi baadaye kwa lori la wafanyabiashara. Alionyeshwa kaburi, akasimama hapo kidogo, akamwuliza Renatha kama mama yake aliacha neno lolote.

"Hakuacha," alisema Renatha.

Deodatha alishukuru, akauliza lori la kurudi linapita saa ngapi.